Kuoza si Kuvunjika: Somo la Plastiki katika Udongo

Mwanafunzi akiulizwa chupa ya plastiki iliyotupwa shambani itakuwaje baada ya miaka mingi, aghalabu hujibu kwamba itaoza. Mwalimu asipolisahihisha jibu hilo mapema, mtoto atakua akiamini kwamba ardhi hula kila kitu. Yafaa basi mwalimu mwenyewe aelewe tofauti iliyopo kati ya kuoza na kuvunjika.

Ganda la ndizi huoza. Bakteria na kuvu hulikata kwa vimeng'enya, wakalila, na mwisho hubaki hewa ya kaboni dioksidi, maji na mboji. Plastiki hupigwa na jua, ikasuguliwa na mchanga au mawimbi, ikakatika. Vipande visivyofika milimita 5 huitwa mikroplastiki. Hivyo bado ni plastiki ile ile. Kilichopungua ni ukubwa tu.

Sababu ni umbile lake. Plastiki ni molekuli ndefu mfano wa minyororo, ambayo haiwezi kuingia ndani ya bakteria kabla ya kukatwa vipande vidogo. Mifuko mingi ya plastiki ni ya polithini, ambayo kaboni zake zimeshikana zenyewe kwa zenyewe, nayo ni vigumu mno kukatwa. Chupa za maji ni za plastiki iitwayo PET. Minyororo yake ina viungo vyenye oksijeni, na hapo kimeng'enya chaweza kupata mahali pa kukata.

Mwaka 2016 wataalamu wa Japani walitangaza kwamba wamegundua katika mji wa Sakai bakteria waliopewa jina la Ideonella sakaiensis. Bakteria hawa hutumia vimeng'enya viwili: cha kwanza hukata mnyororo, cha pili hukata tena vipande vilivyopatikana, navyo huwa chakula. Katika joto la sentigredi 30 walikula karibu utando wote mwembamba wa PET kwa majuma 6. Lakini chupa yenyewe ni kazi ngumu zaidi, kwa kuwa minyororo yake imepangwa kwa kubanana.

Darasani, kila kikundi kichimbe mashimo mawili. Katika moja wafukie ganda la ndizi. Katika la pili, kipande cha plastiki kilichookotwa uwanjani, baada ya kupima urefu na upana wake. Waweke alama na kunyunyizia maji. Baada ya majuma 4 wafukue, wapime tena, waandike walichokiona. Mwalimu ahakikishe kwamba hakuna plastiki iliyobaki udongoni.

Mwanafunzi atakayesikia habari za Sakai huenda akauliza: "Mwalimu, mbona basi tunaokota takataka?" Swali hilo lisipuuzwe. Mwalimu amwonyeshe kipande kilichofukuliwa, amwulize kimepungua kiasi gani. Jibu atalitoa mtoto mwenyewe, naye hatalisahau.