Nani aliulizwa jina la kilima? Mfano wa Scotland

Mtu akikuuliza jina la kijito kilicho nyuma ya nyumba yako, utalitaja bila kufikiri. Lakini limeandikwa wapi, na aliyeliandika alimuuliza nani? Leo tunaangalia Scotland, kaskazini mwa Uingereza, ambako kazi hiyo ilifanyika parokia kwa parokia.

Mwaka 1790 Sir John Sinclair aliwaandikia wachungaji wa parokia zote, zaidi ya 900, akiwatumia maswali yapatayo 160. Alitaka kujua, pamoja na mengine, maana ya jina la parokia, na kama kuna ngome, makaburi ya kale au mawe yaliyosimikwa na watu wa zamani. Majibu yalijaza vitabu 21. Wachungaji wengine waliandika kurasa nyingi, wengine walijibu kwa ufupi tu.

Miaka ya 1840 wakaja wapima ramani wa serikali, Ordnance Survey. Kila jina waliliingiza kwenye daftari: linavyoandikwa, mahali penyewe pakoje, na watu waliolithibitisha, mara nyingi watatu.

Hapo ndipo penye utata. Walioaminiwa zaidi walikuwa wenye ardhi, wachungaji wa kanisa na walimu. Maelekezo ya idara hiyo ya mwaka 1905 yalisema wazi kwamba wakulima wadogo wasitegemewe, hata kwa jina la mahali wanapoishi wenyewe! Tuwe wa haki: wanavijiji wengi wa milimani walizungumza Kigaeli bila kujua kukiandika, na mpimaji alitaka tahajia. Lakini kujua kuandika jina si sawa na kulijua. Anayepita kila bonde ni mchunga kondoo.

Na jina hubeba habari. Karibu na Kilmartin kuna kilima kiitwacho Dunadd. Kwa Kigaeli, "dùn" ni ngome, na kweli juu yake palikuwa na ngome ya wafalme wa Dál Riata. Hadi leo kuna alama ya unyayo iliyochongwa kwenye mwamba. Majina yanayoanza na "Ach" mara nyingi hutokana na neno la shamba. Ukikuta jina hilo mahali penye kondoo watupu, jua huenda palilimwa. Familia nyingi za wapangaji zilifukuzwa milimani katika karne ya 18 na ya 19 ili kondoo wapate malisho, zikaondoka na majina ambayo hayakuwa yameandikwa.

Madaftari mengi ya England yaliteketea Southampton kwa mabomu mwaka 1940. Ya Scotland yalisalimika, yakapigwa picha, na watu wa kujitolea wakayachapa upya. Yanasomeka hata kwenye simu. Kwenye safu ya waliothibitisha utakuta mwenye ardhi, mwalimu, mchungaji wa kanisa, na hapa na pale, mchunga kondoo.