Nani Kazima Simu ya Shangazi?

"Mwanangu, hebu itazame hii. Imezima tena."

Haikuwa imezima. Shangazi alikuwa amefungua programu ya kutazamia filamu, ile aliyowekewa na wajukuu, na kioo kizima kilikuwa cheusi. Katikati palikuwa na maandishi ya kijivu kilichofifia yakimwarifu kwamba kifurushi chake kimekwisha, na chini yake kitufe cha kulipia, kijivu pia, tena cha giza zaidi. Mimi niliyaona kwa kukunja uso. Yeye ana mtoto wa jicho na anangoja zamu yake ya upasuaji, kwa hiyo aliona usiku mtupu.

Nikaingia kwenye mipangilio nimbadilishie mandhari. Nikatafuta juu, nikatafuta chini, hola. Walioitengeneza programu ile walishaamua, kwa niaba yetu sote, kwamba filamu hutazamwa gizani.

Uamuzi huo una asili yake. Waliowahi kuingia sinema za Avalon au Empress pale Dar es Salaam wanakumbuka: taa zinazimwa, kuta zinapotea, inabaki picha peke yake. Programu za filamu zimerithi ukumbi huo. Mabango ya filamu yakipangwa juu ya weusi, rangi zake huwaka. Yakipangwa juu ya weupe hupoa na kufanana na matangazo ya gazetini. Netflix ilijizoesha weusi, na Spotify, ambayo ni ya muziki na haina filamu ya kuonyesha, nayo ikavaa weusi mwaka 2014. Ila sinema za zamani zilikuwa na kitu ambacho warithi wake wamekisahau, nacho ni yule mtu mwenye tochi. Ukichelewa, alikumulikia ngazi mpaka kwenye kiti chako. Giza lilikuwa la filamu. Njia ya kufikia kiti ilikuwa na mwanga wake.

Siku hizi mwanga wa tochi hiyo hupimwa kwa hesabu. Miongozo ya WCAG, inayotolewa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, hulinganisha mng'ao wa herufi na mng'ao wa kilicho nyuma yake. Nyeusi tii juu ya nyeupe pe hupata 21 kwa 1, na hakuna kinachozidi hapo. Maandishi ya kawaida yanatakiwa yasipungue 4.5 kwa 1, makubwa 3 kwa 1, na tangu toleo la mwaka 2018 alama na mipaka ya vitufe nayo isipungue 3 kwa 1.

Hapa ndipo wabunifu wengi huteleza, kwa kudhani kwamba mandhari meusi ni yale meupe yaliyogeuzwa nje ndani. Fundi cherehani angewaambia kwamba nguo ukiigeuza hivyo, mishono yote inaonekana. Chukua kijivu wanachokijua kwa namba yake, 767676. Juu ya nyeupe kinapata 4.54, kimepita kwenye tundu la sindano. Juu ya nyeusi tii kinapata 4.6, kimepita pia. Lakini programu nyingi hazitumii nyeusi tii. Google, katika mwongozo wake wa ubunifu uitwao Material, imependekeza rangi ya makaa iitwayo 121212, na juu ya hiyo kijivu chetu kinashuka hadi 4.1. Kimeanguka, na mbunifu hana habari. Rangi nyingine zina vituko zaidi. Bluu kamili juu ya nyeupe inapata 8.6, juu ya nyeusi inazama hadi 2.4. Nyekundu kamili inafanya kinyume: inasomeka juu ya nyeusi kwa 5.25, halafu inafeli juu ya nyeupe kwa 4. Kila mandhari yanahitaji kushonewa nguo yake tangu kitambaani.

Kwa nini basi wasitumie nyeusi tii na herufi nyeupe pe, mambo yakaisha? Kwa sababu ya watu kama mpwa wangu, anayeishi na shangazi na kutazama filamu kwenye simu hiyohiyo. Jicho lake halikupinda sawasawa pande zote, tatizo ambalo madaktari huliita astigmatizimu, na gizani mboni hupanuka, kwa hiyo kasoro hiyo huzidi. Herufi nyeupe humtapakalia kama taa za gari kwenye kioo kilicholoa mvua. Yeye anataka weupe na maandishi meusi, na utafiti uko upande wake: mwaka 2013 wanasayansi wa chuo kikuu cha Düsseldorf, Ujerumani, walionyesha kwamba vijana na wazee walifanya vizuri zaidi waliposoma maandishi meusi juu ya mwanga kuliko kinyume chake.

Shangazi naye ana utafiti wake, wa zamani zaidi. Mwaka 1985 Gordon Legge wa Chuo Kikuu cha Minnesota na wenzake walieleza kwamba wenye ukungu ndani ya jicho, mtoto wa jicho ukiwamo, husoma vizuri zaidi herufi nyeupe juu ya nyeusi, kwa sababu kioo cheupe humwaga mwanga mwingi unaotawanyika humo jichoni. Waongezee watu wenye ualbino, ambao wengi wao huumizwa macho na mwanga mkali. Kosa la programu ile, basi, halikuwa weusi wenyewe. Shangazi anautaka. Kilichomkwamisha ni herufi kukosa nguvu, na mpwa wangu alikwama kwa kukosa swichi. Nyumba moja, simu moja, macho mawili yasiyokubaliana.

Watetezi wa giza hupenda hoja ya betri. Ni kweli, lakini si kwa kila simu. Kwenye kioo cha OLED kila nukta hutoa mwanga wake, na nukta nyeusi huzimwa. Kwenye LCD, kioo cha simu nyingi za bei nafuu, taa iko nyuma na inawaka hata picha ikiwa nyeusi. Na hata kwa OLED, watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue walipima mwaka 2021 wakakuta kwamba mwangaza ukiwa kati ya asilimia 30 na 50, weusi huokoa wastani wa asilimia 3 hadi 9 tu ya umeme. Ukiuwasha mwangaza wote ndipo unaokoa 39 hadi 47.

Kinachoniudhi ni kwamba kazi ngumu ilishafanywa na wengine. Septemba 2019, Android 10 na iOS 13 zilileta mandhari meusi kwa simu nzima, na tangu hapo simu yenyewe huiambia programu mwenyewe anataka nini. Programu inatakiwa isikilize tu, na ndani yake iweke chaguo tatu: meupe, meusi, au kufuata simu.

Kwenye runinga mambo ni mengine, maana mkononi una rimoti na lazima ujue uko kwenye bango lipi. Kulitia wekundu kidogo bango lililochaguliwa hakumsaidii asiyetofautisha nyekundu na kijani. Mpe mpaka mnene, au likuze. Manukuu nayo, yakiwa meupe bila kivuli, mwombee mtazamaji filamu isiwe na harusi ya Waswahili. Bwana harusi akitokea na kanzu yake, maneno yote yamekwenda.

Wiki iliyofuata nilipita kwa shangazi saa saba mchana. Alikuwa barazani, jua limeshika ukuta mzima, naye amejifunika kanga kichwa kizima pamoja na simu, kama wapiga picha wa zamani waliokuwa wakiingiza vichwa kwenye kitambaa cheusi. Mchana, kioo cheusi hugeuka kioo cha kujitazamia.

"Shangazi, shikamoo. Unaona kitu humo?"

"Marahaba. Sasa naona," sauti ikajibu kutoka ndani ya kanga. "Nilikuwa nikijiona mwenyewe tu."