Stima ya Jikoni Yaweza Kumlaza Mgeni Uani, Lakini Tahadhari

MGENI njoo, mwenyeji apone, walinena wahenga. Katika miji ya Busia na Malaba, mpenzi msomaji, msemo huu ni mtaji. Malori ya kwenda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo hupitia hapa, na foleni inapokwama, dereva hulala kwenye gari. Wengi wanakumbuka Januari 2022, madereva walipogoma kwa sababu ya ada ya kupimwa Covid-19, na malori yakajipanga kilomita nyingi upande wa Kenya.

Mwenye ploti kando ya barabara amejifunza kukodisha ua wake. Dereva hulipia mahali penye ua na mlinzi, na mara nyingi huwa na ombi la pili: "Mama, hakuna stima hapa?" Anataka kuchaji simu na betri za lori, au kuchemsha maji ya chai. Mara mojamoja huja pia watalii wenye magari yaliyo na kitanda na jiko ndani, nao huomba kitu hicho hicho.

Jibu la haraka ni waya wa ekstensheni unaopitishwa dirishani, ukaburutwa kwenye matope hadi kwa lori. Waya huo ndio unaotutia hofu.

Kwa nini gari ni hatari zaidi

Gari hukaa juu ya mipira, na mpira haupitishi umeme. Waya wenye moto ukikwaruzika na kugusa bodi, gari lote hupata umeme, wala hutaona dalili yoyote. Umeme hungoja njia ya kwenda ardhini. Njia hiyo ni mtoto wako anayecheza uani miguu mitupu, akishika mlango wa gari baada ya mvua.

Ndiyo maana waya wa ethi, ule wa kijani na manjano, si pambo. Ekstensheni isiyo na ethi isilishe gari kamwe.

Laini iliyolala jikoni

Huenda nyumba yako tayari ina dawa. Tazama ukuta wa jikoni. Nyumba nyingi zilijengwa zikiwa na swichi kubwa ya jiko la stima, mara nyingi yenye kitufe chekundu, ilhali mwenyewe anapikia gesi au makaa. Swichi hiyo ina laini yake peke yake kutoka kwenye boksi la breka. Kwa kawaida waya wake ni wa milimita mraba 6, na breka yake ni ya ampia 32 hivi.

Ilinganishe na laini nyingine. Waya wa taa ni mwembamba, milimita mraba 1.5. Ule wa soketi ni 2.5, na tayari unabeba friji, televisheni na pasi. Ukiongeza gari hapo, waya hupata joto ndani ya ukuta, mahali usipoweza kuuona ukiungua.

Fundi anaweza kuigeuza laini ya jiko iwe ya gari. Hakikisha anafanya haya:

Kwanza, azime swichi kuu na kupima kama umeme umekatika kweli. Achunguze waya wote, kwani nyumba za zamani zina nyekundu na nyeusi badala ya kahawia na buluu, na nyingine hazina ethi ya kutegemewa.

Pili, aiondoe kabisa swichi ya jiko, ili laini ibaki na kazi moja tu.

Tatu, abadilishe breka ya 32 na kuweka ya 16, kwa sababu soketi ya nje ya magari, ile ya buluu yenye pini tatu za duara, ni ya ampia 16. Kwa volti 240 hiyo ni wati 3,840. Birika la wati 2,000 na chaja vinatosha humo.

Nne, aweke kifaa kinachokata umeme unapovuja, cha milliampia 30. Hiki ndicho kinachookoa maisha, kwani breka ya kawaida hulinda waya tu, haimlindi mtu. Kina kitufe cha kujaribia, kibonyeze kila mwezi.

Tano, waya wa kutoka nje uwe ule wenye ngao ya chuma, ufukiwe chini ambako jembe halifiki, na soketi iwe na kifuniko cha kuzuia mvua. Ua ukiwa mrefu, waya uwe mnene zaidi.

Mambo ya kukataa

Kontena la friji huhitaji umeme wa fezi tatu wa volti 400 hivi. Usikubali hata ukibembelezwa. Gari lililotengenezewa Marekani hutumia volti 120, na kulichomeka kwenye 240 ni kuliunguza. Ekstensheni iliyoviringwa nayo hupata joto, basi ikunjuliwe yote. Na radi inapoanza kunguruma, kama ilivyo kawaida ya Magharibi, mwambie mgeni achomoe.

Usimpe kazi hii kijana wa mtaa aliyejifunza kwa kutazama. Tafuta fundi mwenye leseni ya EPRA, akupe cheti cha kazi. Usiguse mita, hiyo ni mali ya Kenya Power. Na kabla ya kutoza pesa za stima, ulizia ofisi yao, kwa kuwa Sheria ya Kawi ya 2019 inataka leseni kwa anayeuza umeme.

Gharama ipo, msomaji, na tokeni nazo zitaisha upesi. Lakini ukishindwa kuzimudu, mkodishie dereva nafasi bila stima. Atakulipa kidogo, naye ataamka salama, na watoto wako pia.