Jina la Tovuti: Lipate kwa Gharama Ndogo, Lisajili kwa Jina Lako

Kikundi cha kina mama wanaosuka vyondo Katelembo kinaweza kupata mteja Mombasa au ng'ambo bila mwanachama yeyote kutoka nyumbani. Lakini mteja huyo anahitaji anwani anayoweza kuikumbuka na kuiamini. Anwani hiyo ni jina la tovuti, na kulipata si ghali kama wengi wanavyodhani.

Jina si tovuti

Jina la tovuti ni kama nambari ya sanduku la posta: huonyesha mahali unapopatikana. Tovuti ni kurasa zenyewe, na kuzihifadhi mtandaoni ni huduma nyingine yenye malipo yake. Anayeanza anaweza kulipia jina pekee, kisha amwombe msajili alielekeze kwenye ukurasa wake wa Facebook. Siku atakapokuwa na tovuti, jina litabaki lile lile.

Nani husajili?

Majina yote yanayoishia kwa .ke husimamiwa na KeNIC. Mwananchi hununua kupitia kampuni za usajili zilizoidhinishwa, na orodha yake iko kwenye tovuti ya KeNIC. Nyingi hupokea malipo kwa M-Pesa. Jina la .co.ke hugharimu takriban shilingi 1,000 kwa mwaka, lakini bei hutofautiana, hivyo ni vyema kulinganisha.

Chagua mwisho unaofaa:

• .co.ke – biashara na kampuni
• .or.ke – mashirika na vikundi visivyo vya faida
• .me.ke – mtu binafsi
• .info.ke – kurasa za habari na maelezo
• .sc.ke – shule za msingi na sekondari
• .ac.ke – vyuo
• .go.ke – taasisi za serikali pekee

Aina tatu za mwisho hutolewa kwa taasisi zinazohusika tu. Ndiyo maana tangazo la kazi au zabuni linalodai kutoka serikalini, lakini anwani yake haiishii kwa .go.ke, lichunguzwe kwanza.

Je, ya bure yapo?

Yapo, lakini yana masharti. Kwa miaka mingi kampuni ya Freenom ya Uholanzi ilitoa bure majina yanayoishia kwa .tk, .ml na .ga. Mwaka 2023 ilisimamisha usajili mpya, na Februari 2024 ikatangaza kuachana na biashara hiyo. Gabon ilipochukua tena usimamizi wa .ga mwaka 2023, mamilioni ya majina yalifutwa. Machi 2024, Google nayo ilifunga tovuti za bure ambazo wafanyabiashara wadogo walikuwa wametengeneza kupitia huduma yake ya Wasifu wa Biashara.

Hii haimaanishi kwamba huduma za bure hazifai. Blogger na WordPress.com bado hutoa kurasa bila malipo, ingawa anwani hubeba jina la kampuni hizo. Zinafaa kwa kujifunza. Lakini kabla ya kuchapisha anwani kwenye kadi, mabango au vifungashio, hakikisha jina ni lako.

Baadhi ya wasajili pia hutoa jina bure mwaka wa kwanza kwa anayelipia hifadhi ya tovuti. Uliza bei ya mwaka wa pili kabla ya kukubali.

Usipoteze jina lako

Hatari kubwa huanza pale kijana anayetengeneza tovuti anaposajili jina kwa baruapepe yake mwenyewe. Akihama au mkikosana, jina huondoka naye, pamoja na wateja waliolizoea. Kwa hivyo:

1. Jina lisajiliwe kwa jina la biashara au kikundi.
2. Tumieni baruapepe ya kikundi, na nywila ijulikane na zaidi ya afisa mmoja.
3. Wekeni risiti pamoja na stakabadhi nyingine za kikundi.
4. Andikeni tarehe ya kulipia upya kwenye kalenda. Jina lisipolipiwa, mtu mwingine anaweza kulichukua.

Ambao tayari wana majina wanashauriwa kukagua usajili wao kupitia huduma ya utafutaji ya KeNIC au kwa kumuuliza msajili wao. Iwapo mwenye jina si kikundi, ni rahisi kurekebisha sasa kuliko baada ya ugomvi.