Nyota ya Mamajusi na Betri Zake: Neno kwa Walezi wa Utoto Mtakatifu



Sherehe ya Tokeo la Bwana ndiyo siku ya Utoto Mtakatifu, Shirika la Kipapa lililoasisiwa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, ili watoto wawasaidie watoto wenzao kwa sala na sadaka. Siku hiyo watoto wetu wa hapa Mzinga huigiza safari ya Mamajusi, na mmoja wao hutangulia akiwa amebeba nyota juu ya fimbo. Kila mtoto huitaka kazi hiyo. Zamani nyota ilikuwa boksi lililofunikwa kwa karatasi ya kung'aa; siku hizi vijana huitia taa za LED zenye mwanga mkali, pamoja na betri za kuchaji, kwa kuwa waya wa kutoka ukutani haumfai mtoto anayetembea.

Ni jambo jema. Hata hivyo, mwaka juzi, wakati wa mazoezi, nyota ilianza kutoa moshi mkononi mwa mtoto wa darasa la tatu. Aliitupa chini, wala hakuumia. Betri yake ilikuwa seli iliyotolewa katika kompyuta mpakato mbovu, na aliyeruhusu itumike ni mimi.

Tuanze na taa yenyewe. Balbu ya kale ina waya unaowaka. Kadiri unavyopata joto ndivyo unavyozidi kuupinga umeme, hivyo hujizuia wenyewe. LED haina adabu hiyo. Taa nyeupe haiwaki vizuri mpaka ipate karibu volti 3, lakini volti zikizidi hapo kidogo tu, mkondo hupanda kwa kasi, na joto likiongezeka hupitisha mkondo mwingi zaidi. Anayeifunga moja kwa moja kwenye betri ameiacha bila breki. Breki yake ni rezista, kile kijiti chenye mistari ya rangi ambacho mafundi redio huuza kwa bei ndogo.

Hesabu yake ni ya shule ya msingi. Chukua betri nne ndogo za kuchaji za aina ya nikeli, zile zenye maandishi NiMH. Kila moja ina volti 1.2, jumla 4.8, zikitoka kwenye chaja hufika karibu 5.6. Taa hubakiza kwake takriban 3.2. Zilizobaki, yaani 2.4, ndizo za kushikwa na rezista. Taa ndogo ya milimita 5 kwa kawaida haipaswi kuzidi miliampia 20, yaani ampia 0.02. Gawanya 2.4 kwa 0.02, unapata omu 120. Kila taa ipewe rezista yake, kwa maana taa hazifanani kabisa, na zikigawana moja, ile iliyo nyepesi kuwaka hubeba mzigo wa wenzake. Taa kumi za namna hiyo, kwa betri za miliampia-saa 2,000, zitawaka zaidi ya saa kumi. Hakuna igizo refu kiasi hicho, wala mahubiri yangu.

Kwa nini nisishauri seli za lithi, zilizo na nguvu zaidi? Ndani yake mna kimiminika kinachoweza kushika moto, na utando mwembamba unaotenganisha pande mbili za seli. Ikitobolewa, ikibanwa, ikichajiwa kupita volti 4.2 au ncha zake zikigusana, huweza kujipasha joto yenyewe mpaka iwake. Katika kompyuta hulindwa na kibao maalumu cha umeme. Fundi akiing'oa, ulinzi ule hubaki nyuma. Katika nyota yetu tulikuta nyaya mbili zilizovuliwa ganda zimegusana chini ya selotepu. Kosa hilo huweza kuwasha moto hata kwa betri za nikeli, kwa hiyo wekeni fyuzi ndogo ya ampia 1 karibu kabisa na ncha chanya, na nyaya zilehemiwe na kufunikwa vema. Betri zikae ndani ya kikasha cha plastiki chenye mfuniko. Mnaijua mvua inayoshuka kutoka Uluguru.

Kuchaji ni kazi ya mtu mzima, juu ya sakafu ya saruji, naye awepo. Si sakristia penye mavazi na mishumaa, wala si usiku watu wakiwa wamelala. Betri za kawaida zisizo za kuchaji zisitiwe kwenye chaja kamwe. Iliyovimba isitumike, wala isitupwe kwenye shimo la taka linalochomwa moto: zibeni ncha zake kwa selotepu na mniletee, tuzikusanye mahali pamoja.

Mbele ya taa bandikeni karatasi nyeupe, mwanga usichome macho ya watoto. Na kwa kuwa nimeulizwa: LED ni ya nyota tu. Mshumaa wa Pasaka lazima uwe wa nta, kama ilivyoelekezwa na barua ya Roma ya mwaka 1988 kuhusu maadhimisho ya Pasaka.

Rezista za omu 120 nimekwisha kununua. Walezi wa vigango wazichukue ofisi ya parokia baada ya Misa ya pili, na nyota zote ziletwe nizione kabla ya mazoezi ya mwisho.