Mionzi Dhidi ya Mbung'o: Somo la Mkwaja na Unguja

Katika mwambao unaoanzia Bagamoyo, kupitia Saadani na Mkwaja hadi Tanga, teknolojia ya nyuklia ilianza kutumika miaka ya 1970 katika kazi ambayo watu wengi hawaihusishi na atomu, yaani kumwangamiza mbung'o, mdudu anyonyaye damu na kueneza vimelea vya nagana kwa mifugo na vya malale kwa binadamu. Athari za mdudu huyu ni za zamani: misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilitegemea mabega ya wapagazi kwa sababu, pamoja na mambo mengine, wanyama wa kubeba mizigo walikufa njiani kwa nagana.

Mbinu yenyewe, iitwayo mbinu ya madume tasa, hutumia udhaifu uliomo katika uzazi wa mbung'o. Tofauti na inzi wa nyumbani, ambaye hutaga mamia ya mayai, mbung'o jike hulea buu mmoja tu tumboni na kumzaa takriban kila baada ya siku tisa au kumi. Isitoshe, kwa kawaida hupandwa mara moja maishani, akahifadhi mbegu za dume huyo na kuzitumia katika uzazi wake wote. Kwa hiyo jike aliyepandwa na dume tasa hupoteza kizazi chake chote, na madume wa aina hiyo wakiachiwa kwa wingi unaowazidi mno wale wa porini, idadi ya mbung'o hupungua kizazi baada ya kizazi.

Utasa huo hupatikana kwa mionzi ya gama, ambayo ni nishati kali itokayo katika viini vya atomu zisizo thabiti, kama zile za kobalti-60 au sesiamu-137, na ambayo hupenya mwili wa mdudu na kuvunja kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba urithi, ndani ya mbegu zake. Dozi hupimwa kwa grei, na grei moja ni sawa na jouli moja ya nishati iliyofyonzwa na kilo moja ya mwili. Upimaji huu hauna budi kuwa makini, kwa kuwa dozi ndogo huacha mbegu zikiwa na uwezo wa kuzalisha, ilhali dozi kubwa mno humdhoofisha dume akashindwa kuruka na kushindana na wenzake. Dume aliyepitishwa katika mionzi hiyo hageuki kuwa nururifu, maana yake haanzi kutoa mionzi yeye mwenyewe, na hivyo kuachiwa kwake hakuchafui mazingira. Chombo chenye chanzo cha mionzi ndicho kinachohitaji ulinzi mkali, na nchini Tanzania usimamizi huo ulikuwa chini ya Tume ya Taifa ya Mionzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1983, kabla ya sheria ya mwaka 2003 kuunda Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania.

Jaribio la kwanza katika ukanda huu lilifanyika miaka ya 1970 katika ranchi ya ng'ombe ya Mkwaja, kusini mwa Pangani. Baada ya mbung'o kupunguzwa kwa viuatilifu, madume tasa waliachiwa, na ukanda wa ardhi uliofyekwa vichaka ukazunguka eneo la jaribio ili kuwazuia mbung'o wa nje wasiingie. Idadi yao ilishuka sana, lakini hawakutoweka, kwa kuwa wengine waliendelea kuvuka ukanda huo. Ranchi iliendelea kutumia dawa nyingi za kukinga mifugo hadi ilipofungwa mwaka 2000, na ardhi yake baadaye ikawa sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani.

Kisiwani Unguja, ng'ambo ya Bagamoyo, matokeo yalikuwa tofauti. Kwa ushirikiano wa serikali na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomu, mbung'o walipunguzwa kwanza kwa dawa iliyopakwa ng'ombe na kwa vitambaa vilivyotiwa dawa, kisha kuanzia mwaka 1994 hadi 1997 ndege ndogo zikadondosha madume tasa zaidi ya milioni 8 waliozalishwa katika kituo cha utafiti cha Tanga, ambako walilishwa damu kupitia utando wa silikoni. Kabla ya kuachiwa walipewa damu yenye dawa ya kuua vimelea ili wao wenyewe wasieneze nagana, na walitiwa rangi ili wakinaswa mitegoni watofautishwe na wa porini. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996, na katika miaka iliyofuata ufugaji wa ng'ombe bora wa maziwa ulipanuka kisiwani.

Tofauti ya Mkwaja na Unguja haikutokana na mionzi peke yake. Unguja ilikuwa na spishi moja tu ya mbung'o, nayo imezungukwa na bahari ambayo mdudu huyo hawezi kuivuka kwa kuruka. Bara kuna spishi kadhaa, vichaka vinavyoendelea mbali na wanyamapori wanaowalisha mwaka mzima. Ushindi wa mwaka 1954 dhidi ya inzi wa funza wa vidonda, uliothibitisha mbinu hii duniani, nao ulipatikana kisiwani, huko Curaçao, na inzi huyo huyo alirejea Mexico mwaka 2024 baada ya kizuizi cha madume tasa huko Panama kupenywa. Kwa wafugaji wa Bagamoyo na Chalinze, basi, mitego na dawa za kuogeshea zitabaki kuwa silaha za kila siku, na madume tasa watafaa tu pale ambapo eneo limekwisha kutengwa kikamilifu, kwa sababu mionzi humaliza mbung'o waliomo ndani ya mpaka, lakini haiwezi kuulinda mpaka wenyewe.