Mungu Aliyekuwa na Kazi ya Mikono

Si ajabu, katika matatu ziendazo Ruiru na Thika, kuiona picha ya Yesu imebandikwa kiooni: mzungu mwenye nywele ndefu za rangi ya dhahabu, macho ya samawati na kanzu nyeupe isiyo na hata doa. Mimi huishangaa, wala si kwa sababu ya rangi ya mtu peke yake. Huishangaa ile kanzu. Hakuna fundi awezaye kuwa safi namna ile akiwa kazini.

Imani ambayo Wakatoliki huiita Umwilisho, na ambayo Wakristo wa madhehebu mengine huikiri vilevile, yasema jambo zito: kwamba Mungu asiyeonekana alizaliwa na mwanamke, akanyonya, akachoka, akaona njaa. Injili zetu za Kiswahili zamwita seremala, lakini neno la Kiyunani lililotumiwa, tektoni, laweza kumaanisha fundi wa ujenzi kwa jumla. Basi anayetaka kukisia jinsi mikono ile ilivyokuwa na aende Ndarugo, huko Juja katikati ya Ruiru na Thika, akawatazame vijana wakichonga mawe ya kujengea, vumbi limewajaa hadi kwenye kope.

Wazee wetu hawakuipokea habari hii kwa wepesi. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, alieleza kwamba Ngai wa Wagikuyu hana baba wala mama. Mzee aliyeomba chini ya mugumo akiuelekea mlima Kirinyaga hakutarajia kumwona aliyemwomba. Kisha wakaja wamisheni wakasema kuwa Mungu huyo alikuwa na mama, kijiji na kazi! Bahati mbaya walileta na picha pia, nayo picha ikaimeza habari. Aliyeambiwa kuwa Mungu amekuwa mtu kama yeye alionyeshwa mtu asiyefanana naye hata kidogo.

Alitokea mmoja aliyejaribu kulirekebisha jambo hilo. Ukiiacha Thika nyuma na kupanda hadi Murang'a, utalikuta kanisa la Mtakatifu Yakobo, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo Wagikuyu waliouawa wakati wa Hali ya Hatari. Humo ndimo Elimo Njau, msanii mzaliwa wa Tanzania, alimochora mwaka 1959 picha tano kubwa za maisha ya Yesu, tangu kuzaliwa hadi kusulubiwa. Watu wake ni Waafrika, na milima yake ni hiyo hiyo ya Murang'a. Ningependa kila mwanakwaya wa Thika aende kuziona.

Lakini kanzu nyeupe ina nguvu kuliko ukuta wa Murang'a. Mwezi Juni 1988 gazeti la Kenya Times lilichapisha picha ya mtu mwenye ndevu na vazi jeupe aliyetokea katika mkutano wa maombi wa Mary Akatsa, huko Kawangware, Nairobi, na wengi wakaamini kuwa ni Yesu mwenyewe. Walimtambua kwa lipi, kama si kwa vazi? Watu wa Nazareti, kwa mujibu wa Injili, walishindwa kumwamini kwa sababu walimjua mno: walimjua mamake na kazi yake.

Kosa hili lingekuwa la kuchekesha tu kama lisingeua. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu ambao, kulingana na mashtaka, walifundishwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Walihimizwa kuutupa mwili ili wamwone yule ambaye, kwa imani ya Kikristo, aliuvaa mwili ili aonekane. Sijui upotofu wa mafundisho ya kanisa unaoupita huo.

Hapa kwetu hatujafika huko, ila kudharau mwili kupo. Nimewasikia wachonga mawe wakisema kwamba Jumapili hawaendi ibadani kwa kuwa hawana nguo za kanisani. Wachungaji wa Ruiru na Thika, ambao wengi wao huhubiri ndani ya kuta za mawe kama hayo, wangefunga safari siku moja ya kazi wakawaulize ni nani aliyewaambia hivyo.